Foleni ya Vipeperushi

Nakiri mbele yenu: ile foleni ya Kariakoo niliianzisha mimi, na sukari haikuwepo.

Mimi hukusanya vipeperushi vya kampeni vya kabla ya Uhuru. Siku hiyo nilinunua karanga dukani kwa Mama Zuhura, nikakuta kazifunga kwa kipeperushi cha mgombea mmoja mwenye tarbushi na masharubu. Nikamnong'oneza, "Mama, vingine vipo?"

"Vipo boksi zima. Nenda ukanisubiri mlango wa nyuma."

Nikasimama pale na kikapu changu, nikijiona mjanja. Enzi hizo za uhaba wa sukari na sabuni, mtu mwenye kikapu mbele ya mlango uliofungwa alitosha kuanzisha foleni. Mzee mmoja akasimama nyuma yangu bila kuuliza. Akaja wa pili. Nilipogeuka, mstari ulishapinda kona, na balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa anaupanga. Ningeweza kusema ukweli, lakini nilikuwa wa kwanza.

Mlango ukafunguliwa. Balozi akalipokea boksi, akalifungua, akainua kipeperushi juu watu wote wakione.

Dada mwenye mtoto mgongoni akakitazama, kisha akanitazama mimi.

"Kaka," akasema, "nimeiacha foleni ya sabuni, na nilikuwa wa tatu."