Aliyejua Nani Kaitua Ndege

Juma lililopita nilikuwa kiwanja cha ndege cha Diani kupokea furushi la magazeti. Marubani wawili wa Kizungu wakashuka wakibishana juu ya kitabu cha kuandikia saa za kuruka. Mzee mlinzi, ambaye kazi yake ni kuwafukuza mbuzi kiwanjani, akaniuliza, "Ndugu yangu, wanagombea nini hao?"

Nikamfasiria. Saa moja ya safari haiandikwi kwa marubani wakuu wawili. Msaidizi akiiendesha ndege mwanzo hadi mwisho chini ya macho ya mkuu, huhesabiwa saa za ukuu, lakini sharti mkuu atie sahihi. Msaidizi huyu alibakisha saa mbili tu apate cheo cha ukuu, na mkuu wake alikataa, akidai kwamba kutua alitua yeye.

Mlinzi akavua kofia, akamgeukia mkuu, nami nikamfasiria. "Uniwie radhi, Bwana Mkubwa. Wewe ukitua, ndege huruka tena kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikaacha mikwaruzo mahali pawili majanini. Leo ipo mahali pamoja tu. Hukutua wewe."

Sote tukageuka kutazama majani. Mkuu alitazama kwa muda mrefu kutushinda, kisha akacheka, akatoa kalamu, akatia sahihi. Msaidizi akampa mlinzi mkono, na mlinzi akarudi kwa mbuzi wake.

Nilijaa fahari kwa mlinzi yule, Mdigo ambaye hajapanda hata gari moshi. Mimi nimeruka hadi Unguja na Adeni, na nikisimulia barazani hakuna wa kuninyamazisha. Lakini msiniulize tulituaje. Kila mara nilikuwa nimefumba macho.