Mita Iliyobaki na Saba

Mjomba wangu amegonga namba kwenye mita za maji miaka thelathini na mmoja. Mita moja, tarakimu nane, nyundo nane. Bega lake la kulia limeshuka kama rafu iliyong'oka msumari, na jioni mkewe humvua shati kama anamenya ndizi.

Kichwa cha mtu aliyechoka lazima kitafute pa kukaa. Chake kilikaa kwenye namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Mimi diploma yangu ya hesabu niliiachia njiani; yeye hakuwahi kuianza, na bado ananiacha mbali. Miaka yote hiyo, namba za mita zikipanda moja moja, alikuwa akiisubiri 73939133. Ni tasa. Kata tarakimu ya mwisho, inayobaki ni tasa. Kata tena, tasa. Hivyo hivyo mpaka saba. Na hakuna ndefu kuliko hiyo yenye tabia hiyo.

"Nikiifikisha kwenye ukuta wa mtu," aliniambia, "nitapumzika."

Ilifika Jumatano, siku mbili kabla hajastaafu. Akaigonga taratibu, kama anayeandika jina la mwanawe. Kisha mita ikaenda kwenye bomba la majaribio, maana karakanani kwao namba hutangulia, maji hufuata. Chini ya kioo likachungulia tone.

Msimamizi, kijana aliyefundishwa kazi na mjomba, akainama. "Baba, hilo si kuvuja. Ni jasho."

"Jasho ni langu. Chuma hakitoki jasho."

"Kaza nati basi."

"Nati haina kosa. Chuma chenyewe kina ufa."

"Pitisha, baba! Nani atajua?"

"Mwenye ukuta, ukishalowa."

Sheria ya karakana: mita iliyofeli hufa na namba yake. Hufutwa kwa kukwaruzwa na tupa kuanzia mwisho, ili anayeona namba fupi ajue ni maiti. Mjomba hakumwachia mtu tupa. Akafuta tatu ya mwisho. "Bado tasa." Akafuta tatu ya pili. "Bado." Moja. Tisa. Msimamizi akaacha kubisha. Ilipobaki saba peke yake, bega likagoma.

"Nikumalizie, baba?"

"Ngoja kwanza. Niitazame."

Akaketi juu ya kreti, mita mapajani, mpaka kengele ya kutoka ikalia. Ndipo akaifuta saba nayo, akaitupa mita kwenye pipa la vyuma vya kuyeyushwa.

Alhamisi asubuhi akagonga 73939134. Hiyo hata mimi naijua: inagawanyika kwa mbili.