Bi Toa kwenye Kinu cha Maji

Mama mkwe wangu hatwangi kimya. Kila anapotaka kushusha mchi husema, "Toa!" hata kama yuko peke yake jikoni na mkono wa kutolewa haupo. Majirani wamempachika jina Bi Toa. Yeye hucheka nao, lakini kidole gumba chake cha kushoto ni bapa kama kijiko na hakina ukucha. Alikuwa mdogo kama binti yangu, anachokoa punje zilizoganda pembeni ya kinu, dada yake akashusha mchi. Hakuna aliyesema kitu. Ndiyo maana sasa anasema.

Binti yangu, tunamwita Kidoti, amekulia kwenye kinu cha bibi yake. Kazi yake ni kurudisha punje zinazoruka.

"Mama, huyu ataumia," namwambia mkwe wangu.

"Asipozoea ndipo ataumia," hunijibu. "Toa!"

Basi wenzangu wa karakana ya kushona walipokodi gari kwenda kushinda kwenye bustani moja ya mashambani, yenye kinu cha maji cha zamani, tulikwenda wote watatu. Kidoti alifurahi kupita kiasi. Kinu anakijua. Alichotaka kuambiwa ni kimoja tu: mchi wake ni mrefu kiasi gani.

Bustani ilikuwa nzuri, nyasi zimekatwa, bata wanatembea kama wenye mali. Lakini sikutulia. Maji ya mfereji yalikuwa meusi, yanakwenda bila sauti, yanaingia chini ya nyumba ya mawe. Humo ndani kulikuwa na baridi na harufu ya mbao zilizoloa. Nyuma ya kizuizi cha mbao kulikuwa na magurudumu mawili makubwa ya mti, yameng'atana meno. Mtunza kinu, mwanamume mnene mwenye unga hadi kwenye kope, alitueleza kwamba maji huzungusha gurudumu la nje, na meno hayo yakazungusha jiwe la kusagia huko juu.

"Na mchi uko wapi?" Kidoti akauliza.

Watu wakaangua kicheko.

"Hiki hakina mchi, bibie. Hiki kazi yake ni kung'ata."

"Kumbe ni wifi yangu!" akadakia fundi wetu wa vifungo, na kicheko kikaanza upya.

Mtunza kinu akatoka kwenda kufungua maji. Sote tukageukia dirishani tuone gurudumu la nje. Na mimi niligeuka. Nilipopapasa pembeni yangu, nilishika hewa.

Kidoti alikuwa amepiga magoti kwenye kizuizi, mkono umepenya hadi begani, anaokota punje zilizokwama kati ya meno. Huko nje maji yakaachiwa. Nyumba nzima ikaguna.

"Mwanangu!" nikapiga ukelele. "Njoo! Njoo kwa mama!"

Akageuza uso, akanitabasamia. Mkono ukabaki palepale. Naviona vile vidole, naona gurudumu linatikisika, na katikati yetu ni migongo ya watu.

"Toa!"

Haikuwa sauti ya kuomba wala ya kulia. Ilikuwa ileile ya jikoni, kavu. Mkono ukachomoka kabla mwenyewe hajajua kwamba ameuchomoa. Meno yakakutana. Punje aliyokuwa anaitafuta ikalia ka! ikawa unga.

Nilimbeba, nikamhesabu vidole, nikarudia, nikarudia tena. Mtunza kinu alikuja mbio. Bi Toa alikuwa ameketi kwenye sakafu ile yenye maji, kile kidole gumba kibovu amekitia mdomoni kama mtoto.

"Mama, umemwokoa," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Mchi nauona ukipanda, mwanangu. Hiki kitu hakipandi. Nimesema tu. Ningejuaje wakati wa kusema?"

Wakati wa kurudi hakuna aliyetania. Kila mara gari lilipoingia shimoni, midomo ya Bi Toa ilicheza bila sauti. Kidoti alikaa mapajani kwangu, mkono wake ndani ya wangu.

"Mama, unaniumiza," akasema. "Toa."

Sikutoa.