Pima Kabla ya Kulaumu Mashine

Nakumbuka asubuhi moja kule Kakuma, mwanangu, nilipoaibika mbele ya kina mama, na aibu ile ndiyo iliyonifanya fundi.

Nilikuwa kijana wa Kanamkemer, hapa Lodwar, nimetoka chuo na kichwa kikubwa. Nilikuwa nimeandika programu ya kumbukumbu za chanjo kwa zahanati moja ya kambi ya wakimbizi. Surua ilikuwa imeingia, na kila muuguzi alipofungua orodha ya watoto, skrini ilikaa dakika tano bila kuonyesha kitu. Foleni ilisimama juani. Mama mmoja wa Sudan Kusini, jina lake Nyandeng, alikuwa amesharudi nyumbani mara mbili bila mtoto wake kuchanjwa. Siku hiyo aliniambia kwa upole, "Kijana, hii kompyuta yako inalala. Surua hailali."

Nikajitetea kwamba mashine imezeeka. Mchagua jembe si mkulima, lakini ningeambilika? Nikampigia simu mkubwa wangu, Mama Akiru, mzaliwa wa Lopur aliyeota mvi kwenye kazi ya hifadhidata, nikaomba mashine mpya. Akaja mwenyewe kwa bodaboda.

"Ejok," akanisalimu kwa Kiturkana. "Umepima, ama unakisia?"

"Mama, inaonekana tu ni mashine."

"Inaonekana na nani? Keti, tupime."

Tukawasha chombo kinachoonyesha kila hatua ya programu imechukua muda gani. Hesabu zilikwisha kufumba na kufumbua. Kuchora skrini, vivyo hivyo. Muda karibu wote ulikuwa unaliwa na hifadhidata, ghala linalotunza kumbukumbu zote. Tulipoyatazama maswali ambayo programu ilikuwa inaiuliza hifadhidata, tukaliona kosa: iliomba orodha ya watoto, kisha ikarudi kuuliza chanjo za kila mtoto, mmoja mmoja, safari maelfu. Aliyeiandika hivyo ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Ukitumwa maji ya boma zima," Mama Akiru akasema, "unaenda mtoni na kikombe?"

Nikaandika swali moja linaloleta watoto wote pamoja na chanjo zao. Tukapima tena. Orodha ilifunguka kabla sijainua kidole.

Muuguzi akaanza kuita majina, hakupumzika. Nyandeng akaingia, akatoka na mtoto anayelia, yeye mwenyewe akicheka. Kufikia saa sita foleni ilikuwa imekwisha. Muuguzi akasimama mlangoni akapiga vigelegele, na kina mama waliokuwa wakiondoka wakamwitikia. Mama Akiru akanipa mkono, kama anavyompa mtu mzima mwenzake. Sijapata ushindi mtamu kama ule.

Basi, mwanangu, programu ikikawia, usikimbilie kulaumu mashine wala mtandao. Pima kila hatua, ufuate mahali muda unapopotelea. Mara nyingi utaukuta kwenye hifadhidata, katika maswali madogo madogo yaliyozidi wingi. Ukisharekebisha, pima tena, upate uhakika. Na ukikuta kosa ni lako, usinune; kosa lako mwenyewe unaweza kulitengeneza siku hiyo hiyo.

Akuj, Mungu wetu, akupe macho ya kuona na moyo wa kukubali ulichokiona, na kazi ya mikono yako iwafikie watu wangali wanaihitaji.