Kambi ya Mpira Aliyoichagua Mama Mkwe

Nakumbuka alasiri moja ya Desemba, mwanangu, mama mkwe wangu amekaa kiti cha mbele cha gari langu hapa Doha, kajifunga kanga juu ya sweta langu la kazini, anatetemeka na kunilaumu kwamba nilimwita Uarabuni kwenye joto nikamtia kwenye friji. Nimemkumbuka kwa sababu ya ujumbe wako wa jana. Umeniletea picha za kambi za mpira za likizo ya baridi, kila moja inang'aa kuliko mwenzake, ukaniuliza, "Mzee, mtoto nimpeleke ipi?" Sitakujibu haraka. Weka simu chini, mimina chai, unisikilize.

Miaka hiyo Doha ilikuwa imeshapewa Kombe la Dunia. Barabara zote zilikuwa zinachimbwa, na kila mtoto alitaka mpira. Mimi nilikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia katika hoteli, na tulikuwa tunakaa mtaa wa Al Mansoura. Mke wangu Zuhura na binti yetu Salma walikuwa wamenifuata kutoka Tanga mwaka huohuo.

Salma alikuwa darasa la tatu. Kule Tanga alikuwa msemaji, hata wapangaji wenzetu walimjua kwa sauti kabla ya sura. Alipofika hapa Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza, wenzake darasani wakamcheka, naye akafunga mdomo. Mwalimu alituita akatuambia kwamba mtoto anakaa pembeni siku nzima, ukimuuliza jina anatazama viatu vyake. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki cha kumchekesha kwa sauti. Jioni alikuwa akiupiga mpira ukutani kwenye maegesho nyuma ya jengo letu, peke yake, huku akijitangaza mwenyewe kama mtangazaji wa redio. "Salmaaa! Anampita mmoja, anampita wa pili!" Mimi na mama yake tulikuwa tukisimama dirishani kumsikiliza, maana ndiyo mara pekee tuliyokuwa tukimpata Salma wetu.

Kwa hiyo likizo ilipokaribia Zuhura akasema tumtafutie kambi, akacheze na wenzake. Halafu akaniambia jambo ambalo sikulisahau: "Lakini Baba Salma, tuangalie sana. Wakimcheka na huko, mpira nao atauacha. Atabaki na nini?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kambi nimeshaipata. Ilikuwa inatumia jina la timu kubwa ya Ulaya, nyasi zake kama zulia, na kila mtoto anapewa jezi kamili. Kusema kweli, kichwani mwangu nilikuwa nimeshaiona picha ya Salma ndani ya jezi ile, nimeshaituma kwenye kundi la ukoo, na ndugu zangu Tanga wameshanijibu kwa masha Allah nyingi. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tuna ugonjwa huo, nawe usijifanye huna. Kitu hatujakishika, tunawaza kitakavyoonekana nyumbani.

Sasa mama mkwe. Bi Mwanaidi alikuwa amekuja kututembelea miezi ile ya baridi. Mpira alikuwa haujui kabisa, alikuwa anauliza kwa nini wasipewe kila mmoja wake wakaacha kugombana. Lakini aliposikia tunakwenda kutazama kambi, akavaa viatu. Mkwe habishiwi, nikamfungulia mlango wa gari. Salma tukamwacha na mama yake.

Tulifika watoto wanafanya mazoezi, maana ile kambi ilikuwa imefungua milango wazazi wajionee. Mimi macho yangu yote kwa kijana mmoja mwembamba aliyekuwa anawapiga chenga wenzake anavyotaka. "Mama, mwone yule!" nikasema. Mama mkwe hakumwona. Alikuwa anamtazama mtoto mnene aliyeukanyaga mpira akaanguka. Wenzake walicheka. Kocha akapuliza filimbi, akamwonyesha benchi la chupa za maji, kisha akawageukia wale hodari. Mtoto akaenda kukaa. Akawa anafungua kamba za kiatu na kuzifunga tena, na hakuna aliyemwita mpaka mazoezi yakaisha.

"Twende zetu," akasema mama mkwe.

"Mama, mbona hata na mudiri, mkubwa wa kambi, hatujaonana?"

"Yule wa filimbi nimeshaonana naye. Twende."

Njiani tukasimama kununua karak, ile chai ya maziwa ya hapa. Alipopata joto la kikombe mikononi ndipo akasema, na hakunitazama. "Baba Salma, unamtafutia mtoto mahali, au unaitafutia picha mahali?"

Akanisimulia habari ya mtoto wake wa kwanza, shemeji yangu Hamadi, ambaye mpaka leo nikimtembelea anazungumza kwa kunong'ona. Alipokuwa mdogo alikuwa na kitembe. Bi Mwanaidi alimpeleka chuo cha Kurani chenye jengo jipya, ambako wenye uwezo wote walikuwa wakipeleka watoto wao. Mwalimu akawa anamsimamisha mbele asome, watoto wacheke, na yeye mwalimu acheke pamoja nao. Hamadi hakusoma tena mbele ya watu, si chuoni, si shuleni, hata siku ya harusi yake sauti haikutoka.

"Mimi nilitazama jengo," akasema. "Wadogo zake sikuwapeleka hivyo. Nilikuwa napita nyuma ya chuo na kikapu changu kama ninayekwenda sokoni, nasimama chini ya dirisha. Simsikilizi mtoto anayejua. Namngojea atakayekosea, nisikie mwalimu atamwambiaje. Hapo ndipo nilipokuwa najua."

Nilimwonea huruma, mwanangu, na nikajionea haya. Karak yangu ikapoa mkononi.

Ijumaa tukaenda Al Wakrah, mji wa jirani, safari hii na Salma. Dereva mmoja wa hotelini kwetu alikuwa ametuambia habari za kambi ndogo kwenye uwanja wa shule. Uwanja wenyewe ulikuwa wa nyasi za plastiki zilizochakaa, alama za mazoezi zimepungua hadi wameweka kandambili. Moyo wangu ulishuka, sitakuficha. Mama mkwe akatandika mkeka wake pembeni, akakaa kungojea mtu akosee.

Hakungoja sana. Msichana mmoja alipiga shuti kali, safi kabisa, ndani ya goli la timu yake mwenyewe. Wote wakaangua kicheko, naye akafunika uso. Kocha, kijana Mkenya aliyeitwa Barasa, alimkimbilia akachuchumaa mbele yake. Akamwambia kitu, msichana akatoa mikono usoni, akaanza kucheka mwenyewe. Kisha kocha akawapanga wote wapige golini mmoja mmoja kwa nguvu kama ile, na msichana yule akawa wa kwanza kuonyesha.

Mama mkwe akanyanyua kidole kumwita. Barasa akaja mbio. "Niaje... pole, habari yako mama?"

"Shikamoo imewashinda huko kwenu?" akauliza mama mkwe.

"Marahaba... ah! Shikamoo, mama." Kijana wa watu akachanganyikiwa, sote tukacheka. "Umemwambia nini yule mtoto?" nikamuuliza.

"Nimemshow hiyo shuti iko sawa, ni goli tu haiko sawa. Mzee, hapa mtoto akikosea tunacheka na yeye. Kumcheka, hapana."

Akamgeukia Salma, akamuuliza jina. Salma akatazama viatu vyake. Nikafungua mdomo nimjibie, mama mkwe akanifinya mkono. Barasa wala hakurudia swali. "Haina shida. Jina utanipa ukitaka. Shika mpira."

Salma akaushika. Tukaiacha ile kambi ya jezi, na likizo nzima nikawa namwendesha kwenda na kurudi Al Wakrah.

Siku ya mwisho walialika wazazi. Usidhani nitakuambia binti yangu alifunga mabao. Alikosa hata mpira uliokuwa mbele ya goli tupu, akacheka na kukimbia kurudi. Lakini mapumziko yalipofika alikuja mama mmoja Msudani, mgeni mjini, kaja kuiona kambi, amemshika mtoto wake anayejificha nyuma yake. Watoto wakamzunguka wakimuuliza jina, naye kimya. Nikamwona Salma anawapenya wenzake. Na kwa Kiingereza chake kilekile cha kuokoteza, kwa sauti ya Tanga niliyokuwa nikiisikia dirishani tu, akamwambia: "Jina utatupa ukitaka. Shika mpira."

Zuhura alilia palepale, na mimi nilikuwa na furaha tele. Usiku kundi la ukoo likadai picha. Sikuwa nayo hata moja.

Sasa nakujibu, mwanangu. Hizo picha ulizonitumia zifute. Nenda ukakae pembeni ya uwanja, na yule hodari usimtazame, huyo atacheza vizuri popote. Mtafute mtoto aliyekosea, uone nani anamwendea na anamwambia nini, kwa sababu iko siku mtoto huyo atakuwa wako na wewe hutakuwepo. Akirudi nyumbani usimuulize kafunga mangapi. Muulize leo mmecheka nini, halafu umsikilize mpaka amalize.

Mungu akukuzie mwanao katika nchi hii ya watu, ampe miguu yenye afya na sauti isiyozimwa na mtu. Na kila atakapoanguka, amkute aliyechuchumaa mbele yake. Amina.