Kwanza Niambie Kama Wanaoana

Vitabu vyetu vilinuka mafuta yale ambayo wageni wa Diani hujipaka ili jua lisiwachome, na ukivifungua mchanga ulikudondokea mapajani. Mama alikuwa msafishaji wa vyumba hotelini. Wageni walipoondoka waliacha vitabu walivyokwisha kuvisoma, na msimamizi wake alimwandikia kikaratasi cha kumwonyesha bawabu langoni, asije akaitwa mwizi kwa sababu ya mapenzi ya watu wengine. Vilikuwa vya aina mbili. Vya Kiingereza, vyenye majalada ya rangi ya waridi, vilisimulia mwanamume na mwanamke wanaogombana tangu ukurasa wa kwanza, wakamwagiana kahawa, wakanuniana, na mwishowe wakaoana. Vya Kijerumani vilikuwa katuni za mashujaa wanaoruka angani na kuinua magari. Vya waridi vilikuwa vyangu, maana nilikuwa na miaka kumi na mmoja na Kiingereza changu kilikuwa kimenifanya nisivumilike. Katuni zilikuwa za mdogo wangu Salimu, ambaye hakujua neno hata moja la Kijerumani na hakuona kasoro yoyote katika hilo.

"Huyu naye," Mama alisema alipoonyeshwa shujaa mmoja, "kavaa chupi juu ya suruali. Kwani hana mama?"

"Anaokoa watu, Mama."

"Awaokoe, lakini avae sawasawa."

Mwaka ule Baba hakuwepo nyumbani kwetu Msambweni. Alikuwa ameuza cherehani ya Mama, aliyopewa na mama yake siku ya harusi, bila kumwuliza, na walipogombana akachukua mfuko wake akaenda kukaa kwa kaka yake, kijijini Jego. Mama hakulizungumza jambo hilo. Kila alasiri alirudi kazini, akaketi kibarazani, akatia miguu kwenye beseni la maji ya moto yenye chumvi, nami nikamsomea kitabu, nikikifasiri kwa Kiswahili na kuyaruka mabusu. Kabla sijaanza aliuliza swali lile lile: "Kwanza niambie, wanaoana?" Nilikasirika. Nilimwambia kwamba mtu akishaujua mwisho, utamu wote umekwisha.

"Mwanangu, mimi nimechoka," alisema. "Sina nguvu za kushtushwa tena."

Nilikuwa nimegundua kwamba vitabu vile vina kanuni: wawili wakishaachana, zimebaki kurasa chache tu kabla mmoja wao hajajirudi. Salimu naye aliishika kanuni ya katuni zake, kwamba shujaa haji mpaka aitwe. Tukaungana. Nilifasiri barua ya mapenzi kutoka katika kitabu tulichokuwa tukikisoma, nikaitia jina la Mama, tukampa jirani aliyekuwa akienda msibani Jego, ampelekee Baba. Niliifasiri kwa uaminifu ambao sijaufikia tena katika kazi yoyote. "Tangu uondoke nyumba imekuwa kubwa mno," niliandika, "hata paka anakuulizia." Hatukuwa na paka.

Baba alikuja Jumamosi, shati limepigwa pasi, mkononi ana samaki wawili, changu, waliofungwa kwa ukili. Salimu alikuwa amesimama juu ya jiwe uani, leso ya Mama imening'inia mgongoni, akimngojea. Baba alipiga hodi, akakaribishwa, akaketi. Nikamwamkia. "Marahaba, mama," alinijibu. Mimi ni Mwanamisi, jina la mama yake, na hakuwahi kuniita vinginevyo. Kisha akachungulia chini ya viti, akatabasamu kwa haya.

"Paka yuko wapi?"

"Paka gani?" Mama aliuliza. Halafu akanigeukia. Paka yule alimfahamu vizuri. Tulikuwa tumemsoma Jumanne.

"Barua ni ya mtoto, Baba Mwanamisi," alisema taratibu. "Ningeandika mimi, ningeulizia cherehani yangu."

"Cherehani imeshakwenda."

"Haya. Chai utakunywa?"

Alikunywa. Hakukuwa na mvua kama ile ya vitabuni, wala mtu hakumkimbilia mtu. Alipotoka kwenda kutafuta gari barabarani aliniwekea mkono kichwani. "Hati yako nzuri, mama," alisema. Salimu alishuka jiweni, akaifungua leso, akaikunja, akamrudishia mwenyewe. Baba hakurudi kuishi nasi. Mama aliwakaanga wale changu, na tulipomaliza kula akaniuliza kitabu tulikuwa tumekifikisha wapi. Nilidhani ananikejeli. Alikuwa akiuliza kweli.

Nilikwenda chuo kikuu nikafundishwa kwamba fasihi bora ni ile inayomkosesha mtu raha, na nimewafundisha hivyo watoto wa watu miaka mingi, wengi wao wakiwa wamesinzia. Ndoa yangu ilifika kwenye ile sura ya kugombana ikakosa kurasa zilizobaki. Salimu ni bawabu wa hoteli moja Diani, ana sare yenye vishada mabegani, na kazi yake ni kukagua mikoba ya wanawake wanaotoka kazini. Anasema vikaratasi vya vitabu havioni tena. Wageni siku hizi husoma kwenye simu. Nikija likizo Msambweni huwa na kitabu cha jalada la waridi, nimekifunika kwa gazeti wenzangu wa kazini wasikijue. Anayetia miguu kwenye beseni sasa ni mimi. Mama, ambaye macho yake yamefifia, huketi kando yangu kusikiliza. Juzi alasiri nilikuwa nimeshausoma ukurasa wa mwisho kabla hajauliza.

"Wanaoana?"

"Wanaoana, Mama."

"Na huyo mwanamume, hajauza kitu cha mtu?"

Nilizipekua kurasa moja moja, maana hilo sikuwa nimeliangalia.

"Hajauza."

"Haya," alisema. "Soma."