Mashine na Mtu Wake

Mwenye jengo alipotuambia tuhame kile chumba cha nyuma pale River Road, ili akigawe kiwe vibanda vya kuuzia simu, sikulia. Niligombana naye. Nilimtolea maneno ambayo mama wa kanisa hapaswi kuyajua, kisha nikarudi ndani, nikaketi kuitazama mashine.

Ilikuwa mashine ya kuchapia, ya chuma kitupu, yenye gurudumu kubwa ubavuni. Marehemu mume wangu aliinunua ikiwa tayari kuukuu. Kadi za harusi na programu za mazishi zilishatukimbia zikaenda kwa vijana wenye kompyuta, nayo ikabaki na kazi moja tu: kutia nambari vitabu vya risiti na kutoboa ile mistari ya kuchania. Aliyejua kuiendesha alikuwa mmoja tu, ndugu yangu mdogo.

Nilimleta Nairobi mwenyewe kutoka kwetu magharibi, akiwa kijana, aje amsaidie mume wangu. Mume wangu alipofariki, ndugu yangu alibaki. Alilala chumba cha pili nyumbani kwangu Uthiru. Mkewe na watoto walikuwa nyumbani, akiwaona Krismasi na wakati wa matanga. Wengi wetu tunaishi hivyo, na sikuwahi kuona ubaya wake. Mimi sikujaliwa mtoto. Jioni alipovua viatu mlangoni na kuanza kulalamika kwamba ugali wangu ni laini kama uji wa mgonjwa, nilimjibu vibaya, na moyo wangu ulitulia.

Sasa mashine iende wapi? Vijana wa vyuma chakavu walikuja kwanza. Mmoja aliigonga kwa nyundo, akasema, "Mathe, hii ni chuma tu. Tunaikata, tunapima kilo, stori imeisha." Akaja muuza vipuri, akataka mota na rola peke yake, mwili wote uliobaki ningejua mimi pa kuupeleka. Wa tatu alikuwa mzee wa makamo aliyevaa koti zito kwenye jua, mwenye kiwanda kidogo cha uchapaji katika mji ulio karibu na kwetu. Huyo hakuigonga. Alisimama akamtazama ndugu yangu akiilisha karatasi, kwa muda mrefu.

"Madam," akaniambia mwishowe, "mimi sitaki mashine peke yake. Huko kwetu hakuna mtu anaiweza. Nataka mashine na mtu wake."

Tangu siku hiyo nikawa mtetezi mkubwa wa vyuma chakavu. Nilimweleza kila aliyenisikiliza kwamba mashine kuukuu haiwezi kustahimili safari, kwamba itapasuka njiani, kwamba huko umeme hupotea kila mvua ikinyesha. Yote yalikuwa kweli. Ila sababu yangu haikuwa hata moja kati ya hizo. Ikienda nzima, ndugu yangu angeenda nayo. Ikikatwa, angepata kazi kwa jirani, hata ya kujalidi vitabu, na jioni angerudi Uthiru kulalamikia ugali.

Nilimuuliza anaonaje. "Wewe ndio mwenyewe, sister. Vile utaamua ni sawa."

Jibu hilo lilinikera. Nilitaka aseme hataki kwenda. Nikamtania: "Na kweli utaweza kukaa na bibi kila siku? Wiki moja tu atakufukuza." Alicheka, kisha akaangalia mikono yake.

Nikawaita vijana wa kukata. Asubuhi waliyoahidi kuja, nilifika River Road nikamkuta ndugu yangu ameketi sakafuni kati ya matambara na mkebe wa mafuta taa. Alikuwa amevitoa vichwa vyake vya kupigia nambari, akaviosha kimoja kimoja, akavipaka grisi, akavifunga kwa gazeti na kamba ya katani. Sasa alikuwa analisugua lile gurudumu. Hakuna mtu anayepaka mafuta chuma kinachokwenda kukatwa.

"Unafanya nini?"

"Naisafisha tu."

"Si wanaikata leo?"

"Najua." Hakuinua kichwa. Akaendelea kusugua, halafu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Huyu mtoto wangu wa mwisho ananiita uncle, sister. Nikifika anajificha nyuma ya mamake."

Vijana walipoingia na mitungi yao ya gesi niliwafokea hadi wapita njia wakasimama. "Lakini mathe, si ni wewe ulituita?" Nikawaambia ni mimi, na ni mimi ninayewafukuza. Halafu nikampigia yule mzee wa koti.

Siku ya lori, wapagazi waliisukuma juu ya mabomba ya chuma, inchi kwa inchi, ndugu yangu akiwapigia kelele wasiharakishe. Vitu vyake vyote vya Nairobi vilienea ndani ya begi moja. Nilikuwa nimempikia kuku wa njiani. Nilisimama pale nikingoja aseme, "Sister, twende wote. Na wewe pia una nyumbani." Jibu langu lilikuwa tayari. Ningekataa kwanza, anibembeleze, nikatae tena kidogo, kisha nikubali.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Asante, sister. Asante sana. Uwe unafunga mlango mapema, sawa?"

Akapanda mbele, akakaa karibu na dereva. Nilizunguka upande wake, pengine amesahau kitu cha kuniambia. Simu ilikuwa sikioni, anaongea kwa lugha yetu, anacheka cheko ambalo sikuwahi kulisikia nyumbani kwangu. Lori lilikuwa bado halijawashwa, naye anamwambia mkewe yuko njiani.